Bawa Linapoachwa na Hewa: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Ndege Kustoli

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya safari za ndege kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na mahali pamoja tukataja, bila kufafanua, hali ya hatari ambayo marubani huiita stoli. Barua nyingi zilizotufikia baada ya hapo zinataka ufafanuzi huo. Tumechagua chache, tukazifupisha, na kuzijibu hapa chini.

Mimi ni fundi wa magari hapa Kizota. Gari likizima njiani nafungua boneti na kutafuta tatizo. Je, ndege ikistoli ina maana injini zimezima? Rubani anaziwashaje tena akiwa hewani?

Hapana, fundi. Injini hazimo katika jambo hili, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Kinachostoli ni bawa. Bawa huibeba ndege kwa sababu hewa inayolijia kwa mbele hupita juu yake ikiwa imeambatana na umbo lake na kuelekezwa chini inapotoka nyuma. Kadiri rubani anavyoinua pua ndivyo pembe kati ya bawa na hewa inayolijia inavyoongezeka, na nguvu ya kunyanyua nayo huongezeka. Lakini kuna kikomo. Kwa mabawa mengi kikomo hicho kipo kwenye nyuzi 15 hivi, pengine zaidi kidogo, na kikishavukwa hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa, ikaachana nalo na kugeuka vurugu tupu. Nguvu ya kunyanyua hupungua, ukinzani wa hewa hupanda, na ndege huanza kuporomoka hata kama injini zote mbili zinanguruma kwa nguvu zao zote.

Kinyume chake pia ni kweli. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege ya Air Transat aina ya Airbus A330, iliyobeba watu 306, iliishiwa mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki. Injini zote mbili zilizima, nayo ikaelea kwa takribani dakika 19 hadi ikatua katika visiwa vya Azores bila mtu yeyote kupoteza maisha. Ndege hiyo haikuwa na injini hata moja inayofanya kazi, lakini haikustoli, kwa sababu marubani waliiacha pua ishuke kiasi cha kutosha ili hewa iendelee kuyashika mabawa.

Siku ukisafiri kwa mojawapo ya zile ndege za mapanga aina ya Dash 8 Q400 za Air Tanzania zinazotua hapa Dodoma, usiharakishe kupanda ngazi. Tazama ubavuni mwa pua, chini ya madirisha ya marubani. Utaona vijibomba vilivyoelekea mbele, ambavyo hupokea hewa ili kasi ipimwe, na karibu navyo kipande kidogo cha chuma chenye umbo la pezi, ambacho kiganja chako kingeweza kukifunika. Kipande hicho, yaani kitambuzi cha pembe, kimeshikizwa upande mmoja tu, hivyo hujigeuza chenyewe kufuata mwelekeo wa hewa, na kompyuta husoma kimegeuka nyuzi ngapi. Hupashwa moto kwa umeme kisigande angani, na upande wa pili wa pua kuna mwenzake. Onyo la stoli ambalo kompyuta humpa rubani hutegemea vipande hivyo viwili.

Mwanafunzi wangu ameuliza kama ndege inaweza kustoli huku pua ikiwa imeelekea chini, na tena ikiwa katika kasi kubwa. Naomba jibu la kitaalamu. — Mwalimu wa fizikia, Kondoa

Inaweza, Mwalimu, na mwanafunzi wako ameuliza swali la msingi kuliko yote. Pembe inayohusika hapa hupimwa dhidi ya hewa inayolijia bawa, wala haipimwi dhidi ya upeo wa macho. Ndege iliyokuwa inashuka kwa kasi, rubani akavuta usukani kwa nguvu ili aiinue, inaweza kustoli kabla pua haijawa hata sambamba na ardhi, kwa kuwa mwili wake bado unaelekea chini wakati mabawa yamekwisha kuinuliwa.

Kuhusu kasi, mpe mfano wa ndege inayopinda. Ikiinamia upande kwa nyuzi 60 huku ikidumisha kimo chake, mabawa yanalazimika kubeba mara mbili ya uzito wake, na kasi ambayo itastoli huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani hupanda kwa karibu asilimia 41. Ndege za abiria kwa kawaida haziinami zaidi ya nyuzi 30, na hapo ongezeko ni asilimia 7 hivi tu. Hesabu hiyo anaweza kuifanya ubaoni kwa dakika tano akiwa na jedwali la kosaini.

Nasafiri kwenda Dar es Salaam kikazi mara kwa mara. Ningependa kujua: rubani anaonywaje kwamba ndege inakaribia kustoli, na akishaonywa anafanya nini hasa? — Mtumishi wa umma, Mlimwa

Onyo la asili ni mtikisiko. Hewa inapoanza kuachana na bawa hulipiga kwa mapigo yanayosikika mwilini mwote mwa ndege. Lakini si kila ndege hutikisika mapema vya kutosha, na kwa hiyo kanuni hudai onyo lililo wazi, lenye nafasi ya kutosha kabla ya stoli yenyewe. Katika ndege nyingi za abiria onyo hilo hutolewa na kitikisa usukani, yaani mota ndogo inayoutikisa usukani kwa kelele kiasi kwamba rubani aliyeushika hawezi kudhani ni kitu kingine. Ndege za Airbus kama A330 hazina kitikisa. Humo hutoka sauti ya mtu inayotamka onyo kwa Kiingereza tena na tena.

Baadhi ya ndege huongezewa kifaa cha pili, kisukuma usukani, ambacho hakisubiri rubani aamue bali huusukuma usukani mbele chenyewe ili pua ishuke. Q400 inacho, na ATR, ndege nyingine ya mapanga, inacho pia. Zitazame kwa nyuma utaona mkia wake una umbo la herufi T, na ndege za mkia wa namna hiyo zina historia yao. Tarehe 22 Oktoba 1963 ndege ya majaribio ya BAC One-Eleven ilianguka Uingereza na kuwaua wote 7 waliokuwamo, baada ya hewa chafuko kutoka kwenye mabawa yaliyostoli kuufunika mkia ulio juu, hata usukani ukakosa nguvu ya kuishusha pua. Ajali hiyo ilikuwa sababu kubwa ya visukuma kuenea. Hata hivyo kifaa kinaweza kuzimwa: tarehe 18 Juni 1972, karibu na mji wa Staines, ndege ya Trident ilianguka na kuua watu wote 118 baada ya vifaa vya mbele ya mabawa, vinavyoisaidia hewa kulishika bawa, kurudishwa mapema mno. Kisukuma kilifanya kazi yake, marubani wakakizima.

Sasa kuhusu kinachotakiwa kufanywa. Rubani huondoa otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, huusukuma usukani mbele hadi onyo linyamaze, huyanyoosha mabawa kama ndege imeinama upande, hurekebisha nguvu za injini kadiri inavyohitajika, kisha huirudisha ndege polepole katika njia yake. Mpangilio huo una maana yake. Kushusha pua hutangulia kila kitu, kwa sababu ndiko kunakopunguza pembe ya bawa, na hakuna dawa nyingine. Injini huja baadaye, tena kwa tahadhari, kwani katika ndege zenye injini zilizoning'inia chini ya mabawa, nguvu ikiongezwa ghafla huisukuma pua juu, yaani huongeza ugonjwa uleule unaotibiwa.

Linasikika jambo rahisi, lakini kwa miaka mingi marubani wa ndege za abiria walifunzwa vingine. Katika mitihani walipimwa kwa kiasi cha kimo walichopoteza: kadiri kilivyokuwa kidogo ndivyo walivyofaulu. Kwa hiyo walizoea kusikia onyo, kusukuma injini hadi mwisho na kuishikilia pua pale ilipo. Mazoezi yenyewe yalitangazwa mapema, katika anga tulivu, rubani akijua dakika ya onyo kutokea. Kwa maoni yangu huo ulikuwa upungufu mkubwa kuliko upungufu wowote wa mitambo.

Mwaka 2009 ulionyesha gharama yake mara mbili. Tarehe 12 Februari, ndege ya Colgan Air aina ya Q400, jamii ileile unayoipanda wewe, ilikuwa inakaribia kutua Buffalo nchini Marekani usiku. Kasi ilishuka bila marubani kuitazama, na kitikisa kikafanya kazi kwenye kilomita 243 hivi kwa saa. Wakati huo ndege ilikuwa bado haijastoli. Swichi fulani ya matumizi katika barafu ilikuwa imewashwa, nayo ilisababisha onyo litoke mapema kuliko kawaida. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Lakini rubani mkuu aliuvuta usukani badala ya kuusukuma, ndege ikastoli kweli, na kisukuma kilipoingia kazini akashindana nacho kwa kuvuta tena. Watu 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake walikufa.

Tarehe 1 Juni mwaka huohuo ikafuata Air France 447, Airbus A330 iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ikiwa na watu 228. Ikiwa kwenye kimo cha mita 10,700 hivi, vijibomba vya kupimia kasi viliziba kwa chembe za barafu, otopailoti ikajitoa, na rubani aliyekuwa akiendesha akainua pua. Ndege ilipanda hadi karibu mita 11,600, ikastoli, ikaanza kuanguka huku pua ikiwa juu. Onyo lililia kwa sekunde 54 mfululizo. Kisha likatokea jambo ambalo kila nikilisoma hunitia uchungu: kompyuta zilikuwa zimepangwa kutoamini vipimo vya pembe pale kasi inayopimwa inaposhuka chini ya kilomita 111 kwa saa, hivyo onyo likanyamaza wakati ndege ikiwa ndani kabisa ya stoli, na kila mara rubani alipoishusha pua kidogo, kasi ikasomeka tena na onyo likaanza kulia. Kitendo sahihi kikawa kinaonekana kana kwamba ndicho kosa. Tangu otopailoti ijitoe hadi ndege kuipiga bahari zilipita dakika 4 na sekunde 23, na injini zilikuwa nzima wakati wote huo. Visanduku vya kumbukumbu viliopolewa mwaka 2011 kutoka kina cha mita 3,900 hivi, na ndivyo tunavyoyajua haya.

Baada ya hapo mafunzo yalibadilishwa. Kipimo cha kimo kilichopotea kiliondolewa mahali pake pa heshima, kushusha pua kukawekwa mbele, na nchini Marekani, kuanzia Machi 2019, marubani wa mashirika ya ndege wanatakiwa kufanya mazoezi ya stoli kamili katika mitambo ya kuigiza urubani, si kuishia kwenye onyo tu. Mitambo hiyo ilibidi irekebishwe kwanza, kwa kuwa mingi haikujua kuigiza tabia ya ndege baada ya bawa kushindwa.

Huku kwetu Singida kuna jua kali mwaka mzima, na Dodoma hali kadhalika. Hizo habari za barafu zinatuhusu nini? — Mfanyabiashara wa alizeti, Singida

Zinawahusu, japo si chini hapa. Katika ukanda wetu wa joto hali ya kuganda hupatikana kwenye kimo cha mita 5,000 hivi, na ndege za mapanga kama ATR na Q400 hupita juu ya hapo katika safari zake za kawaida. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, mawingu makubwa ya kanda ya kati hubeba matone ya maji ambayo yamepoa chini ya sifuri bila kuganda, nayo huganda papo hapo yanapogusa bawa. Barafu kidogo tu kwenye ukingo wa mbele wa bawa hulifanya listoli kwenye pembe ndogo kuliko kawaida. Ndiyo sababu katika ATR, rubani akiwasha vifaa vya kuzuia barafu, kiwango cha onyo la stoli hushushwa pia, ili onyo litoke mapema. Tarehe 31 Oktoba 1994 ndege ya ATR 72 ilianguka Roselawn, Marekani, ikaua watu 68, kwa sababu ya barafu iliyojikusanya nyuma ya eneo linalolindwa na vifaa hivyo. Vifaa vikapanuliwa baadaye.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi Kongwa. Mwewe akitua juu ya mti huinua kifua mpaka anaonekana kama atadondoka. Je, naye anastoli?

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, na anafanya makusudi, ili kasi yake iishe pale tu makucha yanapogusa tawi. Mtazame vizuri siku nyingine: kwenye kiungo cha mbele cha bawa lake kuna kishungi kidogo cha manyoya ambacho husimama wakati huo. Kazi yake ni kuisaidia hewa iendelee kulishika bawa kwenye pembe kubwa. Wahandisi wameweka vifaa vinavyofanya kazi ya namna hiyo mbele ya mabawa ya ndege kubwa za jeti, na utaviona vikitokeza wakati wa kuruka na kutua.

Ile ndege ya Ethiopia iliyoanguka ikielekea Nairobi, tulisikia redioni kwamba kitambuzi kilidanganya. Sasa onyo likiwa la uongo, rubani amwamini nani? — Mstaafu, Mpwapwa

Ni kweli, mzee wangu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, Boeing 737 MAX 8, ilianguka takribani dakika 6 baada ya kuruka kutoka Addis Ababa, na watu wote 157 wakafariki. Kitambuzi cha pembe cha upande wa kushoto kilionyesha nyuzi zaidi ya 74, kiasi kisichowezekana kwa ndege iliyotoka kuruka salama, wakati cha kulia kikionyesha kiasi cha kawaida. Usukani wa rubani mkuu ulitikisika karibu safari yote, na mfumo wa kompyuta uliokuwa ukitegemea kitambuzi kimoja tu uliishusha pua mara kwa mara. Miezi michache kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia kwa namna hiyo na kuua watu 189.

Kuhusu wa kuaminiwa: rubani hulinganisha. Kila aina ya ndege ina jedwali la mkao wa pua na nguvu za injini ambazo, zikishikwa, huiweka ndege katika kasi salama hata kama vipimo vya kasi vimekufa vyote. Anatazama pia saa za vipimo za upande wa mwenzake na zile za akiba. Lakini sitaki kuliweka jibu lote mabegani mwa rubani, kwa sababu mfumo unaoweza kuishusha pua ya ndege kwa neno la kitambuzi kimoja haukupaswa kuruka na abiria. Baada ya ndege hizo kusimamishwa na kurekebishwa, mfumo huo sasa hulinganisha vitambuzi viwili, na vikipingana unajitoa.

Je, joto la Dodoma na mwinuo wake huzifanya ndege zistoli kwa urahisi zaidi kuliko Dar es Salaam? — Ipagala

Kwa kasi inayosomeka kwenye saa ya rubani, hapana, hiyo haibadiliki. Kwa kasi halisi juu ya ardhi, ndiyo kwa namna fulani. Uwanja wetu uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na siku ya joto la nyuzi 30 hewa yake huwa nyepesi kama hewa ya kimo cha mita 1,900 hivi katika siku ya wastani. Ili bawa lipate nguvu ileile, ndege inabidi ikimbie kwa kasi halisi iliyozidi ile ya usawa wa bahari katika siku ya wastani kwa karibu asilimia 10, na ndiyo maana huhitaji barabara ndefu zaidi ya kurukia. Mwenye kuongozwa na saa hapati shida. Anayekadiria kwa macho, hasa katika vindege vidogo, huona ardhi ikipita haraka mno, akashawishika kupunguza kasi, na huko ndiko kuelekea kwenye stoli.

Tunaishi Area D, karibu na uwanja. Siku moja ndege ilishuka hadi tukaona magurudumu, kisha ikanguruma na kupanda tena. Majirani walisema ilitaka kustoli. Ni kweli?

Bila kuwapo siwezi kusema juu ya ndege hiyo moja, lakini mliyoyaeleza ni jambo la kawaida. Kanuni zinataka ndege kubwa ije kutua kwa kasi iliyozidi kasi ya kustoli kwa angalau asilimia 23, na mashirika mengi huwataka marubani wawe wamekamilisha kila kitu, yaani kasi, flapu, magurudumu na mteremko, kwenye kimo cha mita 300 hivi, au 150 hali ya hewa ikiwa safi. Kama upepo umebadilika, au kuna chamchela la vumbi linalokatiza uwanjani, au mbwa yuko barabarani, rubani huongeza nguvu, hukunja magurudumu na kuondoka kwenda kujaribu upya. Mngurumo mliousikia ni wa nguvu ya kupanda hiyo. Abiria waliokuwamo pengine walichelewa robo saa.